Maji Matamu ya Bonde la Nduma

Mimi si mtu wa kuomba ruhusa mara mbili. Lakini bonde la nduma, yaani magimbi, chini ya shamba letu, karibu na Kanyakine, lilikuwa la baba, na baba hakuwa ameonja samaki maishani mwake. Wazee wengi wa huku hawamtaki. Kwao samaki ni ndugu wa nyoka, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilipomwambia nataka kung'oa sehemu ya nduma nichimbe kidimbwi cha samaki, alifikiri siku mbili, kisha akatoa hukumu. Nichimbe. Lakini samaki wakikomaa na kukosa mlaji humu nyumbani, kidimbwi kitafukiwa na nduma zitarudi. Tangu mama atutoke tuko wawili tu, na mimi alisema sihesabiki.

Nikaenda Embu mjini kwa mafunzo ya siku tatu. Nilirudi na daftari lililojaa, na neno moja nililolipenda kuliko yote: maji matamu.

"Tamu?" baba akauliza. "Nani ameweka sukari?"

Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu, kama afisa wa samaki alivyotueleza. Neno limetoka Pwani. Kule bahari iko mlangoni, na ukichimba kisima unaweza kukuta maji ya chumvi. Ukibahatika kupata yasiyo na chumvi, unayaita matamu. Watu wa samaki wakalichukua neno hilo, wakayaita hivyo maji yote ya bara yasiyo na chumvi: mito, mabwawa, hata mfereji wetu.

Baba akasema: "Kumbe sisi tumekunywa maji tamu miaka yote na hakuna mtu alituambia."

Basi akawa mwalimu kunizidi. Kila mgeni alitembezwa hadi kidimbwini na kuelezwa habari za Pwani, ambako baba hajawahi kufika. Lakini kula? Hata harufu hakutaka.

Siku ya kuvua nilikaanga tilapia wawili. Tangu asubuhi baba alikuwa ameegemeza jembe mlangoni, ili nilione. Niliogopa, sitaficha. Kidimbwi kile nilikichimba kwa mikono yangu, na nilikuwa nimekipenda.

Akaombea chakula kwa sala ndefu kuliko ya Krismasi. Akamega kipande kidogo, akakitazama, akatia mdomoni. Alitafuna huku ananiangalia mimi.

"Huyu hana chumvi," akasema.

"Baba?"

"Si umesema ametoka kwa maji tamu? Chumvi angetoa wapi? Leta basi."

Nilikimbia jikoni. Niliporudi na kopo la chumvi, upande mmoja wa samaki ulikuwa umebaki mifupa.

Jembe nililirudisha stoo mwenyewe. Ruhusa sikuomba.