Bi Waya na Injini Iliyopwita

Kazini walimwita Bi Waya, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini alikuwa fundi wa kusuka mota za pampu na mashine za kusaga, mpaka maabara moja ikamtafuta asuke koili za injini ya chombo cha angani. Injini yenyewe haikuzidi sufuria ya chai. Haichomi mafuta, inatia umeme kwenye gesi hadi gesi iwake buluu na kurushwa nyuma kwa kasi. Koili zake nne hutoa nguvu ya sumaku ya kuuzuia umeme usikimbie ovyo ndani ya gesi hiyo.

Sasa injini ilikuwa na ugonjwa. Ndani ya tangi lililonyonywa hewa, iliwaka vizuri dakika arobaini, kisha moto ukaanza kupwita. Ni mapigo maelfu kwa sekunde, jicho haliyaoni, lakini kwenye skrini mstari uligeuka meno ya msumeno. Mhandisi, binti wa umri wa kitindamimba wa Bi Waya, alibadili gesi, akabadili volti, wapi! Zilibaki siku tatu tangi lipewe watu wengine.

Bi Waya akajiuliza: mbona ikiwa baridi haisumbui? Ndipo akakumbuka. Siku ya kusuka koili ya tatu, waya ulikwaruzwa na ukingo wa chuma. Aliupapasa kwa kidole, akaona si kitu, akaendelea. Waya uliochubuka ukipata moto hutanuka na kugusana na mwenzake, umeme ukapita njia ya mkato, na nguvu ya sumaku hupungua. Angeweza kukaa kimya. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua.

"Injinia, pima koili ya tatu ikiwa bado ya moto."

"Kwa nini ya tatu, mama?"

"Niliisuka mimi. Waya ulichubuka, nikanyamaza. Nisamehe."

Binti alimkodolea macho. Bi Waya akajikaza apokee maneno makali.

"Wiki tatu nzima nagombana na gesi!" binti akasema, akacheka mpaka akaketi sakafuni. "Njoo tupime, mama."

Ilikuwa kweli. Bi Waya akaisuka upya kwa siku mbili, kila mzunguko akiukagua kwa lenzi. Siku ya tatu injini ikawaka saa moja, mbili, sita. Mstari ulipoanza kutetemeka, binti aliongeza umeme wa koili kidogo kidogo, nao ukatulia.

"Asante, mama."

"Asante ni yangu mimi. Mwingine angenifukuza."

"Nikufukuze, halafu nisukiwe na nani?"

Bi Waya alirudi nyumbani kwa miguu, kila hatua akimshukuru Mungu kwa bosi mwenye masikio. Mumewe alipomaliza kusikiliza, alikuna kidevu.

"Kwa hiyo umeharibu mwenyewe, ukatengeneza mwenyewe, na bado ukashukuriwa?"

"Ndiyo hivyo."

"Mimi nikivunja kikombe humu ndani mbona sishukuriwi?"

"Wewe huwa unasingizia paka," akasema, na wote wawili wakaangua kicheko.