Mablanketi ya Upande wa Juu

Jumamosi ile nilikuwa nyumbani Buffalo, Amerika. Nilikuwa nimetoka shifti ya ghalani, Cheektowaga, nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mama alikuwa jikoni anapika maharage huku akiigombeza theluji. "Nchi hii," alisema, "hata malaika akitumwa huku lazima aombe buti kwanza." Nikacheka. Simu ikalia.

Alikuwa Goreth, dada yangu mkubwa. Kambi yetu ya Tanzania ilipofungwa, yeye na mumewe walirudi Burundi. Sisi tukapata safari ya Amerika. Mwaka huo wa 2015 risasi zilipoanza tena Bujumbura, mumewe alichukuliwa nyumbani mchana kweupe, hakurudi. Goreth akavuka mpaka kurudi Tanzania, kambi ya Kigoma, na Kezia mgongoni, kichanga ambaye hata kukaa hajajua. Tukadhani mabaya yamepita. Kumbe bado. Mvua, alisema, ilikuwa imeshuka kutoka mlimani na kupita katikati ya mahema. Walikuwa wanalala wameketi, nguo zimelowa, na mtoto anakohoa.

"Unahitaji nini, mwanangu?" Mama akauliza.

"Kitu kikavu, Mama. Chochote kikavu."

Hela tulimtumia siku ileile. Lakini soko la kambini lilikuwa limesombwa, na hela hujifuniki. Basi watu wa kanisa letu wakaleta mablanketi na makoti ya watoto mpaka sebuleni pakakosa pa kupita. Mzee Balthazar, jirani yetu, alikuwa anasafiri Alhamisi kwenda Kigoma kumwona ndugu yake mgonjwa, naye akakubali kubeba mifuko miwili. Nikapanga, nikabana, nikafunga. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mama akaja akasimama juu ya ile mifuko. "Hii ni ya watu wa Buffalo tu."

"Si ndiko tuliko, Mama?"

"Na ya Columbus? Na ya Louisville?"

Watu wa kilima chetu kule Burundi walitawanywa katika miji hiyo mitatu, ila ndugu zao waliokimbia mwaka huo walikuwa wamepangwa kambini safu moja ya mahema. Gari la Louisville lilikuwa lipitie Columbus, lipakie michango yao, lije kwetu. Theluji ilikuwa imefunga barabara ya kando ya ziwa. Hakuna aliyejua itafunguliwa lini.

"Ifungue mifuko," Mama akasema. "Tutagawa kwa vichwa, kila mtu lake, mpaka kichanga. Yataenda yote au hayaendi."

"Mama, mtoto anakohoa!"

"Nimesikia. Mimi ndiye bibi yake."

Nilipiga kelele, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Lakini nilijua hofu yake inakotoka, maana nilikuwepo.

Vita vya kwanza vilipotufikia nilikuwa mtoto mdogo. Kabla hatujavuka kwenda Tanzania tulikaa kando ya shule, wakimbizi ndani ya nchi yetu wenyewe, wengine upande wa juu wa barabara, wengine upande wa chini. Likaja lori la mablanketi. Yakatosha upande wa juu, upande wetu. Dereva akasema ataleta mengine kesho.

Hakuleta.

Mvua ikanyesha. Alfajiri wakaja wa upande wa chini, na mapanga. Tuliwajua kwa majina.

Baba alitoka mlangoni na mablanketi yetu mikononi. "Chukueni, jamani. Chukueni."

Waliyachukua, na bado walimkata.

Mama akamfunika kwa kitenge chake. Tukakimbia.

Watoto wa wale wa upande wa chini ndio hao wa Louisville tunaosali nao leo tukikutana. Wameoa kwetu, tumezikana. Amani hiyo Mama aliijenga kwa mikono yake, kwa sheria moja: humpi wa hema hili ukamruka wa lile.

Alhamisi mzee Balthazar akaja kuaga, theluji mabegani. "Mama Goreth," akasema taratibu, "nibebe basi kablanketi kamoja tu, ka mtoto. Nani atajua?"

Nilimwona Mama akigusa kablanketi kadogo ka sufu, akakakunja, akakakunjua. Nikasema moyoni, hapo sawa.

"Wataliona, mzee," akasema. "Kambini kila mtu anaona. Nenda salama."

Akaenda.

Barabara ikafunguliwa, gari likafika, mifuko ikajaa hata kupita kiasi. Tulikuwa tunamtafuta msafiri mwingine Goreth alipopiga. Kezia alikuwa ametutoka, kwa kichomi. Wale wa zahanati walijitahidi, alisema, asiwalaumu mtu. Mama hakulia kwa sauti. Alikaa juu ya mfuko mmoja, na tulipomwambia ainuke hakutusikia.

Mablanketi yalienda baadaye na shemasi mmoja, mama wa watu.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Mama. Jamani, nimsamehe nini? Huenda safu ile ya mahema ilibaki na amani kwa sababu yake. Huenda pia blanketi moja lisingemchokoza mtu yeyote, na leo Kezia angekuwa anasoma. Sitajua, na hilo ndilo linaloniuma: kila ninapotaka kuwa na hasira na mtu, nakuta mjane aliyeogopa damu.

Goreth alipiga siku ya mgawo. Mama aliweka simu kwenye spika, mezani.

"Yametosha?"

"Kila hema, Mama. Hakuna aliyegombana na mwenzake."

"Mungu asifiwe. Na wewe umepata?"

Tulisikia watu wakicheka nyuma yake, wanajipima makoti.

"Nimepata mawili, Mama. Mligawa kwa vichwa. Kezia mlikuwa mmemhesabu."