Ramu ya Kipupwe

Kipupwe kile ukungu ulishuka kutoka mlima Kwaraa na kukaa juu ya Maisaka hadi jua lilipopanda sana, na mdogo wangu wa kiume alikuwa analala tu. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka pwani, baada ya hoteli alimokuwa akichanganya vinywaji kufungwa. Alitusalimu, akala, akalala. Mama, Mlutheri ambaye kwake pombe ilikuwa dhambi ya majirani, hakumuuliza kitu. Alimwongezea blanketi.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba nakata mchaichai wa kutia kwenye chai. Majani yalikuwa yamelowa umande, yananukia. Nilipogeuka nilimwona amesimama mlangoni.

"Dada, usiukate wote. Niachie, na ile rozimeri iliyo kando yake pia."

Tangu arudi hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho.

Begini alikuwa na chupa ya ramu aliyopewa na wenzake walipoagana. Aliimimina kwenye chupa ya mdomo mpana, akaponda mchaichai kwa mgongo wa kisu, akakibabua kitawi cha rozimeri juu ya makaa mpaka kikatoa moshi mwembamba, kisha akatumbukiza vyote pamoja na maganda ya chungwa na karafuu. Akaiweka dirishani.

"Tuiache ilale," akasema.

"Na yenyewe ilale?"

Akacheka. Nilikuwa nimeshasahau anavyocheka.

Sikumbuki ilikaa siku ngapi. Siku za baridi hufanana. Nakumbuka rangi ikikolea taratibu, kama mtu anayewaza, na nyumba nzima ikinukia msitu uliopata mvua. Mama alikuwa akipita hapo amegeuza uso. Siku moja nikamkuta ameshika mfuniko.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya baridi, mama."

"Dawa hainukii hivi," akasema, na hakuwa na haraka ya kufunika.

Jumapili jioni tulikaa kuzunguka jiko. Mdogo wangu alichemsha tangawizi na asali, akakamua limau, akaichuja ramu yake. Mikono yake ilikuwa imeamka kabla yake. Ilikwenda na kurudi kama inacheza ngoma tusiyoisikia. Kikombe cha mama hakukitia ramu. Mama akakitazama, akatazama vya kwetu.

"Tia na hapa. Kidogo."

Alikunywa amefumba macho. Kisha akatusimulia usiku aliopelekwa kijijini Sigino akiwa bibi harusi, anatetemeka kwa baridi, na mama mkwe wake akampa kibuyu cha asali iliyochachuka.

"Hakuna aliyeniambia ni pombe. Niliimba mpaka majogoo."

Tukacheka hadi machozi. Kicheko kilipotulia, mdogo wangu akasema polepole, akitazama makaa, "Mama, niliona aibu kurudi mikono mitupu."

"Mitupu?" Mama akamshika kiganja, akakigeuza upande huu na ule. "Hii iliyonipikia hiki kinywaji ni ya nani?"

Alilia kidogo, nasi tukamwacha alie.

Asubuhi niliamshwa na sauti zao uani. Mama alikuwa anatafuta magunia. Mbaazi za shamba letu la Sigino zilikuwa zimekauka, zinapasukia shambani.

"Chai utakunywa huko huko," alikuwa anamwambia. "Twende."

Na mdogo wangu, ambaye hajawahi kupenda shamba, akaenda.