Sauti ya Delphine Niliyoituma Lyon

Delphine Morvan alivuma Ufaransa akiwa na miaka ishirini na tatu, kwa wimbo mmoja alioutunga jikoni kwa mama yake. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu, kisha kampuni ya muziki ikamchoka. Huku Guangzhou, Uchina, alikuja kwa mkataba wa miezi sita wa kuimba hotelini. Hoteli ikafungwa, yeye akabaki, anafundisha watoto Kifaransa. Jumamosi mchana huimba kwenye mgahawa wangu hapa mtaa wa Dengfeng, na Wakongo wakimsikia huacha chakula kipoe. Kiswahili amekiokota humu humu, kati ya ugali na maharage, na mimi ananiita Mama Calvin kama mteja yeyote.

Mwaka juzi alifanyiwa upasuaji wa koo. Sauti ilirudi, lakini nzito na yenye mikwaruzo. Sisi tuliisikia. Yeye hakutaka hata siku moja kujisikiliza kwenye simu, kwa woga.

Mwaka huu watu wa ukumbi mmoja wa muziki wa Lyon, kwao Ufaransa, wakamwandikia kwamba wanatafuta waimbaji wa zamani, atume sauti yake ya sasa. Barua kama ile aliingoja miaka kumi na tisa. Akaniomba nimrekodi mimi, nisikilize mimi, nitume mimi. Nikamrekodi Jumanne. Nikaisikiliza, mikwaruzo yote imo. Wakimkataa, niliwaza, hataimba tena popote. Nikapekua simu, nikakuta wimbo uleule niliomrekodi miaka minne nyuma, kabla ya upasuaji. Nikatuma huo.

Na mimi ndiye ninayegombana kila wiki na mabosi wa soko la Shisanhang, ninakonunua nguo za kutuma nyumbani, wananionyesha picha ya gauni zuri halafu wananifungia matambara. "Laoban, bosi, hili silo la kwenye picha," nimesema mpaka wamenizoea. Leo nimefanya yaleyale, tena kwa mtu ninayempenda.

Jibu lilikuja haraka. Nyimbo nane, tiketi ya ndege, na sentensi moja kwamba sauti yake haijabadilika hata kidogo. Delphine alilia mbele ya wateja.

"Kumbe daktari hakuchukua kitu," aliniambia.

Tangu hapo akaanza kuifuata ile sauti ya juu ya zamani. Anapanda, anakohoa, anakunywa tangawizi, anapanda tena. Kila akikohoa nilihisi ni mimi niliyemkaba. Niliunguza wali siku tatu mfululizo, na wateja wakaanza kuniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Siku ya nne nilifunga mlango wa mgahawa, nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Badala yake aliomba simu, akaisikiliza ile ya Jumanne mpaka mwisho. Kisha akaniambia niitume. Nikaituma, na maelezo kwamba kosa ni langu, yeye hakujua.

Wiki nzima kimya. Niliogopa kushika simu, nikaogopa zaidi kuiacha. Mwishowe wakaandika kwamba nyimbo nane sasa zitakuwa mbili, na ataimba mwanzoni kabisa, kabla ukumbi haujajaa. Kama hataki, wataelewa. Delphine akaanza kufunga mizigo.

Siku ya safari alipita na begi lake, akala kidogo, akasukuma sahani.

"Mama Calvin, ulipoisikiliza ile ya Jumanne, uliona aibu kwa ajili yangu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, na ungemfaa njiani.

"Ndiyo, dada. Niliona aibu."

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilipoisikia sikuona aibu," alisema. "Nilisikia mtu ambaye hakufa."

Nilitaka kumbebea begi mpaka kituo cha metro. Alisema asante, atalibeba mwenyewe.