Majina Meupe Kwenye Masanduku

Juzi, kwenye stendi ya mabasi ya Buffalo, hapa Marekani, niliona sanduku lililoandikwa jina la familia kwa rangi nyeupe, nikaukumbuka mchana mmoja wa utotoni. Mama ndiye aliyekuwa mwalimu wetu, kwani tulisomea nyumbani, mjini Louisville, na siku hiyo somo la historia lilikuwa kwenye makumbusho ya Wayahudi waliouawa na Wanazi.

Mle ndani mlinuka dawa ya sakafu. Watu walinong'ona, na Mama alinibana mkono mpaka vidole vikauma. Kisha nikayaona, nyuma ya kioo, masanduku makuukuu yenye majina makubwa meupe. Nikafurahi. Kwenye kambi ya wakimbizi tuliyotoka, Tanzania, aliyeandika jina kwenye sanduku alikuwa ameitwa kwenda Marekani, na tulimwimbia mpaka basi lilipoondoka.

"Mama, kumbe na hawa waliitwa!" nilisema kwa sauti.

Watu wakageuka.

"Waliambiwa waandike majina," Mama alininong'oneza, "ili wayapate masanduku yao wakifika."

"Wakayapata?"

Alinivuta mkono, tukatoka nje. Jioni ile nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku letu tulilokuja nalo kutoka kambini, akilikwangua jina letu kwa kisu.