Mtani Tuliyepewa Njinjo

Siku niliyoingia ofisi ya elimu mjini Lindi kuomba kazi, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya ualimu. Nilikuwa nimefundisha Mombasa miaka kadhaa, vyeti vyangu vilikuwa mkobani na buibui langu limepigwa pasi. Mabwana watatu walikaa upande wa pili wa meza. Wa kwanza akaniuliza, "Mama, jembe unalijua?" Wa pili akaniuliza, "Na hao watoto wako, watakula tunachokula sisi?" Wa tatu hata hakunitazama mimi. Alikuwa akiwatazama wanangu wawili waliosimama mlangoni na soksi zao nyeupe.

Nikajibu kwamba jembe nitalijua, na kwamba wanangu wanakula kila kitu. Jibu la kwanza lilikuwa nia njema. La pili lilikuwa uongo mtupu. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi, ni kweli alikula kila kitu, hata visivyokuwa vyake. Lakini kitindamimba wangu, binti wa miaka sita, alikula wali, mkate wa mofa na samaki wa kupaka basi. Ukimwekea kingine alifunga mdomo, na hapakuwa na mtu wa kuufungua.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Uhuru wa nchi zetu ulikuwa ungali mbichi, na kwetu Mombasa tulikuwa tukisikia kwamba jirani zetu wanajenga shule kila kijiji na walimu hawatoshi. Baba wa watoto alikuwa amenipa talaka na kuoa kwingine. Nilitaka kazi yenye nyumba, na nilitaka mbali, mahali ambapo hakuna atakayenitazama kwa jicho la huruma sokoni. Nikasema nakwenda.

Mama yangu hakupenda. Hakulia wala hakugomba, kwa sababu mama ni mtu wa masharti. "Haya, weye nenda," aliniambia. "Lakini shule zikifungwa mwisho wa mwaka n'takuja mwenyewe. Nikimkuta huyu mdogo hajatulia, n'tamtukuwa." Nikakubali. Ningefanyaje? Lakini nilimjua mama yangu: kitu akishakishika, hakiachii. Binti akirudi Mombasa kwa bibi yake, mimi nitabaki mama wa likizo.

Tulipangiwa Njinjo, bara ya Kilwa, tukafikishwa na lori la chama cha ushirika lililokuwa likifuata ufuta. Tulipewa nyumba ya mwalimu, vyumba viwili vya udongo na jiko la nje. Watu walitupokea vizuri mno. Wanafunzi waliniamkia shikamoo, hata wale walionizidi kimo, mmoja akaleta papai, mwingine akaleta jembe. Kila asubuhi tulianza shambani kabla ya darasani, kwa kuwa shule ilitakiwa ijilishe. Wanafunzi ndio walionifundisha kupalilia. Walinicheka waziwazi, nami nikajikaza kisabuni, hata malengelenge ya viganja yakawa magumu. Nilipenda. Sikutarajia kupenda, lakini nilipenda ule uchovu wa mwili ambao jioni hauachi nafasi ya kumkumbuka mwanamume.

Binti yangu alikuwa habari nyingine. Ugali wa mtama aliutazama akaninong'oneza, "Mama, huu ni mwekundu." Hakuula. Alikula ndizi, karanga, na wali siku tulipoupata. Na akaacha kusema. Ndani ya nyumba alininong'oneza mimi na kaka yake. Nje ya nyumba hakufungua kinywa. Watoto walimwita akacheze, yeye akajificha nyuma ya buibui langu. Wiki zikawa miezi. Nilimpima kwa macho kila asubuhi nikimvalisha, na gauni lilikuwa linazidi kupwaya. Usiku niliomba Mungu, na katika dua zangu zote hofu ilikuwa ni hiyo moja, kwamba mama atafika, atamtazama mara moja tu, na atamchukua.

Ikafika Idi. Nilikula kiapo kwamba Idi hii mwanangu atakula pilau ya kwao. Mchele niliagiza Kilwa, bizari nilikuwa nayo sandukuni tangu Mombasa, jogoo nilinunua kijijini. Alfajiri nikaanza. Binti aliketi karibu na meko, pua juu, na kwa mara ya kwanza tangu tufike aliniuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Pilau ilikuwa imeshapaliwa makaa juu ya kifuniko pale alipoingia jirani yangu. Alikuwa mama wa Kingindo, mtu mzima rika la mama yangu, mrefu, mkavu, kiongozi wa kina mama katika shamba la kijiji. Hakubisha hodi. Alichukua matambara mawili, akaipua sufuria, akamwaga makaa, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Nyie watu wa Mombasa leo mtakula upepo wa bahari, ndicho chakula chenu. Hiki kimetekwa. Mkikitaka, njooni mkikomboe!" Akajitwika sufuria yangu juu ya ngata na kwenda zake.

Mimi nina hasira, sifichi. Nilitoka na kanga moja, sikukumbuka hata kuvaa viatu, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimkuta barazani na kanzu yake ya Idi. Sikumwamkia.

"Mwenyekiti, nimeibiwa! Mchana kweupe, siku ya Idi, mbele ya mtoto!"

"Umeibiwa nini, mwalimu?"

"Pilau! Na sufuria yake!"

"Na nani?"

Nilipomtaja, mwenyekiti alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua kofia akajifuta nayo macho. Nikasema nitakwenda polisi Kilwa, hapo akacheka zaidi. Alipopata pumzi aliniambia niketi.

"Mwalimu, kaa. Wewe umekuja hapa na watoto wawili, huna ndugu. Sisi wazee tulikaa tukajiuliza, mwalimu wetu akifiwa, Mungu aepushie mbali, nani ataingia ndani mwake kumchekesha katikati ya msiba? Nani atawafokea waliokaa tu, wateke maji na kupika? Hiyo ni kazi ya mtani, na wewe hukuwa naye. Mtu hakai hivyo. Basi yule mama akasema, 'Wamombasa nawachukua mimi, sisi Wangindo na watu wa meli tumeshataniana tangu zamani.' Sasa kama ni kweli au ametunga, mimi sijui. Lakini ndiye mtani wako. Hajakuibia, amekutambua."

"Nami nifanye nini?"

"Kamwibie na wewe."

Utani wa makabila sisi Mombasa hatukuwa nao kwa namna ile. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa sijui nicheke au nilie. Mimi, mwalimu, nikaibe? Nilikuwa bado nalichambua hilo nilipofika na kukuta jiko tupu. Binti yangu hayupo. Kaka yake alikuwa amesimama njiani, mdomo wazi, akinionyesha kwa kidole uani kwa jirani.

Pale uani palikuwa na kinu. Mchi wake ulikuwa mrefu mara mbili ya mwanangu, na mwanangu alikuwa ameukokota peke yake toka kwenye kinu mpaka katikati ya uwanja, vumbi limechorwa mstari. Alikuwa ameukalia, mikono kiunoni. Watu wameanza kujaa. Na yule mtoto ambaye hakuna mtu Njinjo aliyewahi kusikia sauti yake alikuwa akipiga kelele:

"Hutwangi! Leo hutwangi! Lete pilau ya mamangu!"

Jirani alijiangusha chini kama mtu aliyepigwa risasi. "Jamani nisaidieni! Nimevamiwa! Wamombasa wameuteka mchi wangu, nitakufa njaa!" Akagaragara na nguo yake ya Idi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa. Binti yangu hakucheka. Alisubiri mpaka sufuria ikaletwa, akachungulia ndani kuona kama imepunguzwa, ndipo akainuka kwenye mchi. Pilau hiyo tuliila pamoja pale pale uani, nyumba zote mbili, na yeye alikula mara mbili. Nilimtazama akitafuna nikasahau kula mimi mwenyewe.

Baada ya siku hiyo ilikuwa vita ya kudumu. Binti akiamka tu anavuka kwenda kwa jirani kuona cha kuteka. Aliteka kata, aliteka ungo, siku moja aliteka jogoo mzima. Jirani naye aliteka viatu vyake, na kikombozi chake kilikuwa kimoja siku zote: mwenye viatu aketi, ale ugali wa mtama na kisamvu, ndipo arudishiwe. Mwanangu aliula ugali ule kwa hasira mpaka akausahau wekundu wake. Mtama ulipokomaa alikwenda na watoto wengine kulinda ndege kwenye dungu, akirudi jioni miguu imechanika, nywele zina makapi, anasimulia mpaka usingizi unamkatiza. Jirani alinitania na mimi pia. Katika kisomo cha watu wazima, nikimwita ubaoni, alisema mbele ya wenzake, "Mwalimu wetu huyu mumewe alizikimbia herufi zake." Darasa zima linaangua kicheko. Matusi ya utani hayakunijia mdomoni. Nilibaki kutabasamu kama mgeni harusini.

Mwisho wa mwaka mama yangu akaja, kama alivyoahidi. Nilikuwa nimempelekea salamu kwamba mtoto ni mzima asijisumbue, lakini mama hakubali kuambiwa. Alishuka kwenye lori na sanduku lake, kajifunika buibui, vumbi kalikung'uta kwa vidole viwili. "Yuwapi mjukuu wangu?" Mjukuu wake alikuwa juu ya mkorosho. Aliposhuka, mama alimtazama juu mpaka chini: ngozi iliyoungua jua, magoti yenye makovu, kanga iliyofungwa shingoni kama watoto wa pale. Uso wa mama ukakunjamana.

"Mekuwa mtoto wa porini huyu. Kesho nakwenda naye."

Nilisema anakula, anacheka, ametulia. Mama akasema kutulia si kuparamia miti. Nikataka kumwambia kwamba siwezi, kwamba nyumba hii bila huyo mtoto sitaikalia, lakini sharti nililikubali kwa kinywa changu mwenyewe, na mama alikuwa ameshaanza kufungua sanduku kutafuta gauni la kumvalisha.

Hapo ndipo jirani alipoingia. Bila hodi. Alimtazama mama, akalitazama sanduku, akalifunga, akajitwika.

"Huyu mtoto ni mateka wetu," alitangaza. "Mkimtaka, mtuachie huyu bibi badala yake. Tutamtumia kufukuza ndege, uso anao!"

Nilifumba macho. Mama yangu ni mtu ambaye watu hubusu mkono wake. Nilisubiri radi. Nikasikia sauti yake, polepole, tamu kama ya mwimbaji wa ngoma ya lelemama:

"Nami n'takaa na weye nini, ewe kijiti cha kuchokolea meno? Hebu geuka nikuone. Ah, kumbe ndio mbele huko!"

Jirani alilitua sanduku ili apate kucheka vizuri. Kisha akajibu. Mama akamjibu. Nilikuwa nimesahau kwamba mama alikulia katika harusi za Mombasa, ambako wanawake hutukanana kwa ustadi tangu isha hadi alfajiri. Walitukanana mpaka kuku wakaingia bandani, na mama alicheka vile ambavyo sikuwa nimemwona akicheka tangu baba afariki. Binti yangu alikaa katikati yao akiwachochea wote wawili, bila upendeleo.

Mama hakuondoka kesho yake wala kesho kutwa. Alikaa mpaka lori la ushirika liliporudi. Jioni ya mwisho tulipokuwa tunachambua mchele aliniambia, bila kuinua macho, "Simtukuwi. Nilidhani yuko peke yake, kumbe ana bibi huku." Nilimshukuru mpaka akaniambia ninyamaze. Kisha akauliza, "Na weye? Weye una nani?"

Nikacheka. "Mimi ni mtu mzima, mama."

Asubuhi tulimsindikiza. Binti alimbusu bibi yake mikono yote miwili, akampungia, na lori lilipoanza kutembea tu akakimbia kuwawahi wenzake mashambani. Kaka yake akamfuata. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na kazi yangu, nyumba yangu, na watoto wangu wote wawili. Nikasimama pale barabarani kulitazama vumbi, na kilio kikanitoka kama cha mtoto mdogo, kwa sauti, kamasi na machozi, wala sikuweza kukizuia. Mwaka mzima nilikuwa nimemlinda binti yangu na hamu ya kwao. Hamu yangu mimi ya kwetu sikuwa nimeigusa.

Nikasikia nyayo nyuma yangu, nikajua ni jirani. Nilijiandaa kutaniwa, maana mwalimu anayemlilia mama yake barabarani ni kicheko cha mwaka mzima. Hakunitania. Alinishika mkono, akanifuta uso kwa pindo la kanga yake, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Lia, mwanangu. Na wewe ni mtoto wa mtu."

Akakaa na mimi pale kando ya njia mpaka nilipomaliza.