Majirani Wanne wa Jina

Tangu tarehe 6 Februari 2023, siku alipofungua ofisi yake pale Kimanga, mashariki mwa Kongo, karani amesajili anwani mbili za intaneti zinazoishia na .cd, alama ya nchi hiyo mtandaoni, na moja kati ya hizo ni yake mwenyewe. Kila asubuhi huifuta kompyuta vumbi, huifunika tena, kisha huvuta rejista ya karatasi. Muhuri huupulizia pumzi ya moto mara mbili kabla ya kuugonga, na sauti yake hushuka kila anapotamka neno Kinshasa. Ijumaa hii mbele yake ameketi Noella, aliyetumwa na wakulima wa mpunga wa Bwegera, akidhani kusajili anwani ni kazi ya dakika kumi. Jina la mchele wao wamewekewa huko mtandaoni hadi kesho saa sita mchana. Saa hiyo ikipita, litachukuliwa na mchuuzi anayeuza mchele mwingine kwa jina hilohilo.

"Mama, inakosa saini ya majirani wanne," karani anasema.

"Majirani ya nani?"

"Ya jina. Kiwanja kama majirani hawakusaini, kesho ni kesi."

"Jina iko mu hewa, papa! Jirani yake ni nani, ndege?"

"Basi weye lete ndege, asaini."

Watu wanne walio kwenye foleni ya viwanja wanacheka, kisha mmoja mmoja wanamsainia Noella. Karani anapitisha kidole juu ya kila saini, anaridhika, anapuliza, anagonga. Faili litaondoka kwenda Kinshasa Jumatatu.